Barua Zilizofungua Programu

Kompyuta za miaka ya 1950 ziliuzwa jinsi mashine ya kusaga inavyouzwa leo: mteja alilipia chuma, na spana pamoja na kijitabu cha maelekezo vikaja ndani ya sanduku. Programu ilihesabiwa pamoja na spana. Kompyuta moja ilijaza ukumbi mzima, na wenye uwezo wa kuinunua au kuikodi walikuwa wachache kiasi cha kufahamiana. Mwaka 1955 baadhi ya wateja wa IBM katika eneo la Los Angeles waliunda chama walichokiita SHARE, ili aliyekwisha kuandika programu ya kazi fulani awape wenzake, nao wasianze upya. Hakuna aliyeuona huo kuwa ukarimu wa pekee. Kilichokuwa ghali ni mashine, na kila programu iliyogawiwa iliifanya mashine ifae zaidi.

Kabla ya kuendelea, ni vyema tutofautishe sura mbili za programu. Ya kwanza ni msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo mtaalamu huyaandika na mtaalamu mwenzake akaweza kuyasoma. Ya pili ni mfululizo wa tarakimu unaopatikana baada ya maandishi hayo kugeuzwa kuwa amri za mashine. Mwenye sura ya pili peke yake anaweza kuiendesha programu, lakini akitaka kujua inafanyaje kazi, au kuirekebisha inapokosea, amekwama. Historia tunayoisimulia ni ya mvutano juu ya nani apewe sura ya kwanza.

Mvutano huo ulianza mwaka 1969. Mwezi Januari serikali ya Marekani iliishtaki IBM kwa kuhodhi soko la kompyuta, na mwezi Juni kampuni hiyo ikatangaza kwamba baadhi ya programu na huduma zake zitauzwa kando ya mashine, kwa bei zake zenyewe. Wapo wanaosema IBM iliogopa mahakama. Wengine wanasema gharama ya kuandika programu ilikuwa imepanda mno, na kampuni ndogo zilikuwa zimekwisha kuonyesha kwamba programu ni bidhaa. Maelezo yote mawili yana uzito, kwa kuwa yanajibu maswali tofauti: gharama zinaeleza kwa nini jambo hilo lingetokea siku moja, na kesi inaeleza kwa nini lilitokea mwaka ule. Kwa vyovyote vile, programu ilikuwa imepata bei, na chenye bei hakikosi mlinzi.

Mlinzi wa kwanza kusikika hadharani alikuwa kijana wa miaka 20. Januari 1975 jarida la Popular Electronics lilikuwa limeonyesha kwenye jalada lake kompyuta ndogo iitwayo Altair 8800, iliyouzwa kwa vipande ili mnunuzi aiunganishe nyumbani. Bila programu ilikuwa sanduku la swichi na taa. Bill Gates na mwenzake Paul Allen waliiandikia lugha ya BASIC, na kampuni yao changa ya Microsoft ikaanza kuiuza ikiwa imehifadhiwa kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Utepe mmoja uliwafikia wanachama wa Homebrew, klabu ya wapenzi wa kompyuta huko California, nao wakafanya walichozoea: waliunakili wakagawiana.

Gates alijibu kwa barua ya wazi ya tarehe 3 Februari 1976. Alisema kwamba wenye Altair walionunua BASIC hawafiki asilimia 10, kwamba muda wa kompyuta uliotumika kuitengeneza ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola 40,000, na kwamba mapato, yakigawanywa kwa saa za kazi, hayafiki dola 2 kwa saa. Kisha akawaambia wapenzi wa kompyuta, bila kuuma maneno, kwamba wengi wao ni wezi wa programu. Wengi walikasirika, lakini swali lake halikuwa la kubezwa: mwandishi wa programu ataishije ikiwa kila nakala inazaa nakala nyingine bure? Karibu miaka mitano baadaye, Desemba 1980, sheria ya Marekani ilieleza waziwazi kwamba hakimiliki inalinda programu za kompyuta. Tangu hapo kampuni zilikuwa na kufuli mbili, ya sheria na ya kuficha msimbo chanzo.

Kufuli ya pili ndiyo iliyomuudhi Richard Stallman, mwandishi wa programu katika Maabara ya Akili Bandia ya chuo cha MIT karibu na Boston. Printa ya zamani ya maabara hiyo ilikuwa na tabia ya kukwama karatasi. Stallman hakuweza kuitibu tabia hiyo, lakini kwa kuwa msimbo chanzo ulikuwepo, aliongeza mistari michache, na kila karatasi ilipokwama, ujumbe ukawatokea kwenye skrini wote waliokuwa wakisubiri kurasa zao. Aliyekuwa na haraka aliinuka, akaenda kuikwamua, na foleni ikaendelea. Baadaye kampuni ya Xerox iliipa maabara printa mpya ya leza. Nayo ilikwama, lakini programu yake ilikuja katika sura ya tarakimu tupu. Mtu alituma kazi, akangoja, akashuka kuichukua, akakuta karatasi imekwama zamani na kazi za wenzake zimelala nyuma ya yake.

Stallman alipata habari kwamba mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon anao msimbo chanzo wa printa hiyo, na alipofika huko alimwendea akamwomba nakala. Yule alikataa, kwa sababu alikuwa ameahidi kutompa mtu. Kwa Stallman, huyo hakuwa amemkosea mtu mmoja. Ahadi ile ilikuwa imewanyima msaada watu wote waliokuwa wakitumia printa ya aina hiyo, hata wale asiowajua.

Stallman amekisimulia kisa hicho mara nyingi kama mwanzo wa harakati yake, lakini lipo tukio jingine linaloweza kudai heshima hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Symbolics, iliyotokana na maabara yenyewe, iliajiri sehemu kubwa ya wataalamu wake, na maboresho yao yakaacha kuwa mali ya wote. Stallman alibaki karibu peke yake, na kwa muda mrefu alikuwa akiandika upya kile walichokitengeneza ili wapinzani wao wasiachwe nyuma. Mzozo na Symbolics haukipingi kisa cha printa. Printa ilimpa kanuni, na kuvunjika kwa maabara kukamwondolea mahali pa kuishi kwa kanuni hiyo.

Tarehe 27 Septemba 1983 alituma tangazo kwenye mtandao wa Usenet, ambako wataalamu wa vyuo na kampuni walipashana habari. Alisema ataandika mfumo kamili wa kuendeshea kompyuta, unaofanana na Unix, na atampa yeyote atakayeuhitaji. Aliuita GNU, jina la fumbo ambalo herufi zake zinasema kwamba GNU si Unix. Aliomba michango ya fedha, mashine na kazi. Tukiiweka kando ya barua ya Gates, barua hii inasomeka kama jibu lililochelewa miaka saba.

Kwa nini Unix? Mfumo huo ulizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, mali ya kampuni ya simu ya AT&T. Kwa makubaliano ya mwaka 1956 na serikali, AT&T ilizuiwa kufanya biashara nje ya simu, kwa hiyo Unix ilitolewa kwa vyuo kwa bei nafuu, pamoja na msimbo chanzo wake, na kizazi kizima cha wanafunzi kikajifunza kwayo. AT&T ilipogawanywa mwaka 1984, kizuizi hicho kiliondoka, na Unix ikaingia sokoni kwa bei na masharti ya biashara. Stallman alichagua mfumo unaojulikana, ulioundwa kwa vipande vidogo vinavyoweza kubadilishwa kimoja kimoja. Januari mwaka huo aliacha ajira yake ya MIT, ili chuo kisije kikadai kumiliki atakachoandika.

Mwaka 1985 alianzisha taasisi ya Free Software Foundation, na kanda ya programu yake ya kuandikia, GNU Emacs, aliiuza kwa dola 150. Bei hiyo huwashangaza wengi, kwa hiyo inafaa tuielewe. Programu huria inaweza kuuzwa. Uhuru wake unapimwa kwa kile mnunuzi anachoruhusiwa kufanya baada ya kuinunua. Anaruhusiwa kuiendesha kwa kazi yoyote, kuisoma na kuibadili, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia hata nakala alizozibadili.

Lakini ruhusa tupu ina tundu. Kampuni ingeweza kuichukua programu, kuiboresha, kisha kuifunga. Ili kuliziba tundu hilo, mwaka 1989 ilitolewa leseni iitwayo GPL, na ujanja wake ulikuwa kuitumia hakimiliki yenyewe. Mwandishi habaki bila haki. Anaishikilia haki yake na kuweka sharti kwamba yeyote atakayeigawa programu hiyo, iwe kama ilivyo au ikiwa imebadilishwa, atoe msimbo chanzo na uhuru uleule alioupokea. Watu wa pwani wana mfano ulio karibu, nao ni kisima cha wakfu. Mwenye kisima huitumia mamlaka yake kukiweka mahali ambapo mrithi hawezi kukiuza wala jirani mwenye nguvu kukizungushia ukuta, na anayekuja na ndoo haulizwi ni wa ukoo gani. Tofauti ni kwamba kwenye GPL mwenye mali anabaki na jina lake kwenye hati, na sheria ya hakimiliki ndiyo inayolinda mlango usifungwe.

Ilipofika 1990 mradi wa GNU ulikuwa na karibu kila kitu. Kilichokosekana ni kiini, yaani sehemu inayozungumza na mashine yenyewe na kugawia programu nyingine kumbukumbu na muda. Kiini cha GNU, kilichoitwa Hurd, kilianza kuandikwa mwaka huo kwa ramani ya kisasa na ngumu mno, na kikachelewa mwaka baada ya mwaka.

Wakati huo, mjini Helsinki, mwanafunzi wa miaka 21 aitwaye Linus Torvalds alikuwa amenunua kompyuta yenye prosesa ya Intel 386, akiilipia kwa awamu. Alitumia Minix, mfumo mdogo ambao Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam aliuandika kwa ajili ya kufundishia. Torvalds alitaka kuunganisha kompyuta yake na ya chuo ili asome habari za Usenet akiwa nyumbani, kwa hiyo aliandika programu ndogo ya kazi hiyo. Kisha akataka kuhifadhi alichokisoma, na programu ikahitaji kujua diski. Ilipojua diski, ikahitaji kujua mpangilio wa mafaili. Kidogokidogo akatambua kwamba anaandika kiini.

Tarehe 25 Agosti 1991 aliwaandikia watumiaji wa Minix barua fupi. Aliwauliza wanachokipenda na wasichokipenda katika mfumo wao, akawaarifu kwamba anaandika mfumo wake wa bure kama burudani tu, na kwamba hautakuwa mkubwa kama GNU. Mwezi uliofuata toleo la kwanza, lenye mistari takriban 10,000, liliwekwa kwenye kompyuta ya umma nchini Finland. Torvalds alikusudia kuliita Freax, lakini msimamizi wa kompyuta hiyo hakulipenda jina hilo, akaliita folda Linux.

Leseni ya kwanza ya Linux ilikataza mtu yeyote kutoza fedha. Nia ilikuwa njema, lakini waliotaka kunakili disketi na kuzipeleka kwenye mikutano ya watumiaji hawakuweza hata kurudisha gharama za disketi. Kwa hiyo Februari 1992 Torvalds alihamia GPL. Kwa uamuzi huo, kiini cha Helsinki na vifaa vya GNU vikawa chini ya kanuni moja, na mfumo kamili ukapatikana. Hadi leo wafuasi wa Stallman husisitiza kwamba mfumo huo uitwe GNU/Linux, na hawakosi hoja.

Siku chache kabla ya uamuzi huo, Profesa Tanenbaum alikuwa ameandika hadharani kwamba Linux imepitwa na wakati tangu kuzaliwa: kiini chake ni pande moja kubwa, na kimefungwa kwenye prosesa ya aina moja. Kwa elimu ya siku zile alikuwa na hoja. Torvalds alijibu kwa ukali, akakiri baadhi ya kasoro, akarudi kazini. Machi 1994 toleo la 1.0 lilitoka likiwa na mistari zaidi ya 176,000.

Hapa ndipo wanahistoria wanapogawanyika: kwa nini Linux ndiyo iliyoshinda? Jibu la kwanza ni la mahakama. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikuwa na Unix yake, BSD, iliyokomaa kuliko Linux; lakini mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T ilifungua kesi kuhusu msimbo huo, na hadi suluhu ya mwaka 1994 wengi waliogopa kuugusa. Jibu la pili ni leseni: aliyechangia Linux alijua kwamba kazi yake haitafungiwa na mwingine. Jibu la tatu ni namna ya kufanya kazi, kwani Torvalds alitoa matoleo mapya kila mara na kupokea masahihisho kupitia intaneti kutoka kwa watu ambao hajawahi kuwaona.

Tukiyapima majibu hayo, tunaona kwamba kila moja linafaa kwa mpinzani wake. Kesi inaeleza kwa nini BSD ilipoteza miaka miwili ya thamani, lakini haielezi kwa nini Hurd, isiyokuwa na kesi, ilibaki nyuma. Leseni inaeleza imani ya wachangiaji, lakini Hurd ilikuwa na leseni hiyohiyo. Dhidi ya Hurd, tofauti iliyobaki ni mlango uliokuwa wazi: Torvalds alitoa kitu kibichi kinachofanya kazi, akaita watu wakipike pamoja. Barua ya 1991 iliomba maoni kabla ya kuahidi chochote, na huenda huo ndio ulikuwa ubora wake mkubwa.

Mwaka 1998 harakati iligawanyika, na chanzo kimojawapo kilikuwa neno. Kampuni ya Netscape, iliyobanwa na Microsoft katika soko la vivinjari, ilitangaza tarehe 22 Januari kwamba itatoa msimbo chanzo wa kivinjari chake. Siku chache baadaye watetezi kadhaa walikutana Palo Alto, California. Tatizo lao lilikuwa kwamba neno la Kiingereza ‘free’ lina maana mbili, huru na bure, na wakuu wa kampuni walisikia ‘bure’ wakadhani ‘hafifu’. Christine Peterson alipendekeza jina jipya, ‘open source’, yaani chanzo kilicho wazi, na likakubaliwa. Stallman alilikataa. Kwake, jina hilo lilisifu ubora wa kazi na kunyamazia haki za mtumiaji. Wenzake walijibu kwamba haki isiyosikilizwa haimfikii mtu. Tangu hapo kambi mbili zimekuwa zikitetea programu zilezile kwa sababu tofauti.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo ulivuja waraka wa ndani wa Microsoft uliokiri kwamba programu za aina hiyo zinaweza kulingana kwa ubora na za kibiashara, na ukajadili jinsi ya kuzikabili. Watetezi waliusoma kama cheti kilichotiwa saini na mpinzani. Tarehe 15 Februari 1999 kundi lao lilikwenda kwenye ofisi ya Microsoft huko Foster City, California, kudai kurudishiwa fedha za Windows ambayo walilazimika kuinunua pamoja na kompyuta zao, ilhali leseni yake ilisema asiyekubali masharti airudishe. Walipewa vinywaji baridi na kuelekezwa kwa watengenezaji wa kompyuta. Fedha hawakupata, lakini habari ilienea.

Historia hii ilifika kwetu kwa njia ya lugha. Mwaka 2000 kampuni ya Sun ilikuwa imefungua msimbo wa programu za ofisi zilizoitwa OpenOffice. Kwa kuwa leseni iliruhusu kubadili, kutafsiri hakukuhitaji kibali cha mtu, na Desemba 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wake wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilikuwa imetangaza mpango wake wa Kiswahili. Hatuhitaji kuamua nani alimwamsha mwenzake. Tofauti inayohusu historia yetu ni kwamba kampuni huanza kwa kuhesabu wateja, na chuo kiliweza kuanza kwa kuhesabu maneno.

Na katika maneno hayo Kiswahili kina bahati. Kina ‘bure’ na kina ‘huru’, wala hakuna anayechanganya sahani ya bure na nchi huru. Tena kina ‘huria’, neno tunalolitumia kwa soko lisilo na vizuizi na kwa chuo kikuu ambacho mlango wake uko wazi. Programu huria, basi, ni huru na pia i wazi. Waliotengana mwaka 1998 kwa ajili ya jina wangeweza kukaa kwenye mkeka mmoja kwa Kiswahili, ingawa tofauti zao za msingi zingebaki.

Msomaji mwenye simu ya Android anaweza kuuona ushahidi wa historia hii bila kwenda maktaba. Afungue mipangilio, aende kwenye maelezo kuhusu simu, kisha maelezo ya kisheria na leseni, na humo, katikati ya maandishi marefu ambayo karibu kila mtu huyapita, atakuta GPL, kwa kuwa kiini cha simu hiyo ni Linux. Sehemu nyingi za simu hiyohiyo bado zimefungwa, kwa hiyo tusiseme kwamba mvutano umekwisha. Lakini kuhusu kiini hicho, leseni inampa haki ya kupata msimbo chanzo kutoka kwa aliyeigawa programu hiyo, na hawezi kujibiwa kwamba mtu fulani aliahidi kutoutoa.